Diski Niliiua Mimi, Lawama Akabeba Shemeji

Mshauri mpendwa, naomba msaada wako, tena naomba unijibu kabla ya Ijumaa, maana Ijumaa kuna kitu kitafunguliwa ambacho hakitakiwi kufunguliwa, na mtu pekee anayelijua hilo ni mimi, na mimi leo ni siku ya tisa nimefunga mdomo.

Mimi ni mwalimu wa kompyuta katika chuo cha ufundi, mwanamke wa miaka arobaini na moja, na kwetu wananiita Mtaalamu, simu ya mtu ikigoma naitwa mimi, televisheni ikikataa kushika naitwa mimi, hata friji ya jirani ilipoanza kunguruma niliitwa mimi ingawa friji na kompyuta hazijuani kabisa, nikaenda, nikaigusagusa, ikanyamaza yenyewe, na sifa nikapewa mimi. Sikuelezi haya kujisifu, nakueleza ili ujue ninaanguka kutoka wapi.

Nina dada yangu mkubwa, ndiye aliyenilea mama yetu alipofariki, alifundisha watoto wa chekechea miaka ishirini na sita na mtaa mzima unaijua sauti yake, maana hata akikuita kutoka ng'ambo ya barabara unahisi kama anakusimulia kitu. Mwaka jana madaktari walimkuta na uvimbe kooni, wakasema hakuna njia ila kukata, na wakikata kisanduku cha sauti kinaondoka chote, hatazungumza tena. Wakampa wiki tano za kujiandaa.

Hizo wiki tano, mshauri, dada aliirekodi sauti yake. Wazo lilikuwa la mumewe, shemeji yangu, fundi cherehani, mtu mpole ambaye ukimsalimia anafikiri kwanza ndipo anajibu. Alisimamisha mashine zake zote, akatundika mablanketi na vitambaa vya suti kwenye kuta nne za chumba cha kushonea ili mwangwi usiingie, wateja wakija kuuliza nguo zao anawafuata nje na kuwanong'oneza, "Rudini mwezi ujao, ndani kuna kazi." Alishika kipaza sauti kwa mkono wake kila asubuhi mpaka mchana, na dada akasema kila alichokuwa nacho, hadithi za watoto, nyimbo za kuhesabu, namna anavyomwita kila mjukuu kwa jina lake la utani, maneno ya kumwambia bintiye siku atakapofikisha miaka hamsini, hata kuna rekodi moja wanagombana yeye na shemeji juu ya chumvi kwenye mchuzi, na shemeji alikataa katakata kuifuta. Rekodi mia moja arobaini na nane. Zote akazitia kwenye diski moja, zile ndogo za kuchomeka kwenye kompyuta kwa waya, akaishonea mfuko wa kitambaa cha koti wenye sponji ndani na kifungo juu.

Dada alipona, akarudi nyumbani na daftari na kalamu, akitaka kusema kitu anaandika. Na wajukuu wakija wanaketi mbele yake, rekodi inasimulia, yeye anafanya mikono na macho, na nakuapia, ukiwa mlangoni hujui kwamba mdomo wake hautoi sauti.

Tangu wiki ya kwanza aliniandikia, "Mtaalamu, tengeneza nakala." Nikamjibu kesho dada. Kesho yangu ikachukua miezi saba.

Hatimaye niliichukua, nikaenda nayo chuoni, na Jumatano ile saa nne, wakati wa chai, nikaichomeka kwenye kompyuta ya ofisi ya walimu. Ukatokea ujumbe kwamba kuna apdeti ya programu ya ndani ya diski, ile programu ndogo inayoiamsha diski na kuieleza ifanye nini, na kwamba nikikubali itakuwa na kasi zaidi. Mshauri, hili mimi nalifundisha. Nimeliandika ubaoni kwa mkono wangu mwaka hadi mwaka, nakala kwanza, apdeti baadaye, na ikishaanza usichomoe waya hata jengo likiungua, wanafunzi wangu wanaliimba kama wimbo wa shule. Nikabonyeza kukubali. Unajua kwa nini? Kwa sababu mwalimu wa hesabu alikuwa amesimama nyuma yangu na kikombe chake, akauliza kwa upole tu, "Hiyo haiwezi kuharibu vitu vilivyomo?" nami nikamjibu, "Kwa mtu asiyejua, inaweza."

Ule mstari wa kuonyesha apdeti imefika wapi ukatembea mpaka asilimia sitini na mbili, ukasimama. Dakika tano, kumi, ishirini, haujongei. Kengele ikalia, darasa langu linapiga kelele hadi ofisini, na karani mwenye kompyuta ile amerudi anataka kiti chake, anagongagonga kalamu mezani na kunitazama kwa pembe ya jicho. Nikachomoa waya.

Taa ya diski ikapepesa mara tatu, ikazima. Nilipofika nyumbani nikajaribu waya mwingine, kompyuta nyingine, nikapakua programu fulani mtandaoni inayojigamba kufufua diski, ikafika katikati ikagoma, na nikiichomeka tena naona diski ina jina la herufi zisizosomeka na ukubwa wake ni sifuri. Sifuri, mshauri. Dada yangu mzima, sifuri.

Ijumaa mchana shemeji akaja kuifuata kwa baiskeli, maana wajukuu walikuwa wanakuja kesho yake. "Umemaliza, Mtaalamu?" Nikamwambia, "Bado, shemeji, lakini ichukue tu, nakala nitafanya siku nyingine." Akanishukuru kwa kuhangaika. Akaitia kwenye mfuko wake, akafunga kifungo, akauning'iniza kwenye usukani, akaondoka. Nilimpa kwa sababu nilijidanganya kwamba labda kwenye kompyuta yake itaamka, kama mtoto anayerudisha kikombe kilichopasuka kabatini akiomba mtu mwingine awe wa kwanza kukishika.

Jumamosi wakaniita. Nikakuta dada kitini na daftari lake, shemeji amesimama, binti yao ameinama juu ya kompyuta na watoto wake wako mkekani wanangoja hadithi. "Mama mdogo, haifunguki," binti akaniambia. Nikaichomeka, nikaiweka sikioni, nikatikisa kichwa kama daktari. Hapo ndipo nilipotakiwa kusema. Nakuambia mdomo ulifunguka kabisa, ila kilichotoka ni kingine. Nikasema, "Shemeji, njiani hukuiangusha?"

Angesema hapana tu! Angenikasirikia tu! Yeye akafikiri, kama ilivyo kawaida yake, akasema, "Pale kwenye kokoto baiskeli iliteleza. Sikuanguka, lakini mfuko uligonga usukani." Kisha akanitazama, mimi mjuzi. "Inaweza ikawa ndiyo sababu?"

Nikasema, "Basi ndiyo hiyo."

Maneno matatu. Nimeyahesabu mara nyingi.

Binti akapaza sauti, "Baba, kitu kimoja tu! Kimoja tu tulikuomba ukitunze!" na shemeji akasema, "Nisameheni," akarudia tena, "Nisameheni," anamwangalia dada, na dada alilifunga daftari akaliweka mapajani, akageukia dirisha. Tangu siku hiyo anamwandikia mumewe neno mojamoja, chai, mlango, dawa, basi. Shemeji ameitundika baiskeli ukutani, anatembea kwa miguu kupeleka nguo za watu, na binti ananiambia kila asubuhi anamwomba mkewe radhi kama watu wengine wanavyotoa salamu. Na watu wananipa pole mimi! Wananiambia, "Pole Mtaalamu, ulijitahidi."

Sasa sikiliza lililo baya zaidi. Shemeji ameipeleka diski kwa fundi wa kufufua data. Fundi akamuuliza, "Ilianguka?" Shemeji akajibu, "Niliigonga mimi." Fundi akamwambia basi isiwashwe tena hata mara moja, kwa sababu diski iliyogongwa vile visomeo vyake vya ndani vinaweza kukwaruza na kufuta kila kitu, itapelekwa karakana kubwa yenye chumba kisicho na vumbi, na Ijumaa hii itafunguliwa. Shemeji ametia saini karatasi kwamba ameelewa rekodi zote zinaweza kupotea. Mimi najua ndani haina ugonjwa wowote, ugonjwa uko kwenye ile programu niliyoikata katikati, na watampasua mgonjwa wa kichwa wakitafuta maradhi mguuni. Jumamosi iliyopita nilikwenda mpaka dukani kwa fundi, nikasimama mlangoni, akaniuliza, "Nikusaidie nini, mama?" Nikamjibu natafuta chaja. Nikanunua chaja. Hata haiingii kwenye simu yangu.

Naomba uniambie, mshauri, nikimwandikia fundi ujumbe kwa namba asiyoijua, nisijitaje jina, nimwambie tu kwamba haikuanguka, ilikatwa apdeti, si itatosha? Diski itapona, dada atafurahi, shemeji atasamehewa, na mimi nitabaki na adhabu yangu moyoni, ambayo Mungu anaijua ni kubwa. Au hata nimwambie ana kwa ana nimsihi asimweleze mtu. Nisaidie, nimekonda, darasani nikifika kwenye neno apdeti naliruka.

Mimi mwenye haya hata ya kutia saini.

*

Mwalimu,

Barua pepe yako nimeisoma Jumanne asubuhi nikiwa bado sijavua mkoba begani, na nakujibu sasa hivi kwa anwani yako, sitangoja zamu ya gazeti. Ukishaisoma mara moja, usiirudie. Chukua simu.

Kabla sijaandika nilimwita fundi wa kompyuta wa hapa ofisini, mtu mmoja asiyecheka hata kwenye sherehe, nikamsomea kisa chako bila kueleza unatoka wapi. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja: "Huyo mama anaandika barua badala ya kupiga simu?" Akanieleza kwamba huenda rekodi za dada yako zimelala mle ndani nzima kabisa, kilichozirai ni bawabu wa mlangoni, na kuna mafundi wanaoweza kumzindua bila kuvunja nyumba. Lakini lazima waambiwe ukweli, maana dawa ya diski iliyoanguka na dawa ya diski iliyokatwa apdeti haziko hata kwenye rafu moja. Sasa wewe ndiye uliyemwandikia mgonjwa dawa isiyo yake, halafu unaniuliza kama unaweza kumnong'oneza daktari kupitia dirishani!

Hapana. Ujumbe wa namba isiyojulikana fundi gani ataufuata? Mteja wake ametia saini kwamba aliigonga. Yeye atamwamini mteja, na ungekuwa wewe ungemwamini mteja. Atataka kujua apdeti gani, kwenye kompyuta gani, ilikwama wapi, na baadaye ulifanya nini. Kivuli hakijibu maswali. Wahenga walisema mficha uchi hazai, na wewe, mwanangu, uko chumba cha kujifungulia umejifunika blanketi mpaka kichwani.

Hata hivyo tuseme fundi amekuamini, amenyamaza kama ulivyomsihi, diski imeamka. Shemeji yako atafanya nini? Atashukuru kusamehewa kosa asilolitenda. Atakaa miaka yote iliyobaki kwenye kiti cha mtu aliyesamehewa, na kila ukienda kula kwao atakukaribisha mahali pazuri kwa sababu ulijitahidi. Utaweza kumeza? Mimi naona hata chai huimezi.

Sasa nikuambie lingine, maana sikukuona mtu mbaya katika barua yako. Naona mtoto aliyelelewa na dada yake, akapata kitu kimoja cha kumrudishia, huo ujuzi, na mbele ya watu wote ule ujuzi ukamtoroka. Ulihisi kama unavuliwa nguo sebuleni. Ile Jumamosi neno lilikuponyoka, nami nakubali kwamba lilikuponyoka. Wengi wetu yangetuponyoka mabaya kuliko hayo. Lakini Jumapili ulikuwa nalo. Jumatatu ukaamka nalo, ukaliogesha, ukalilisha. Siku tisa si kuponyokwa tena, mwalimu, hiyo ni kufuga. Na mnyama unayemfuga anakula kwa shemeji.

Usiniambie kuhusu adhabu ya moyoni. Adhabu ya moyoni ni ya bei rahisi, unajihukumu mwenyewe, unajifunga mwenyewe, funguo unakaa nazo wewe. Aliyefungwa kweli anatembea kwa miguu kupeleka nguo za wateja.

Fanya hivi. Mpigie fundi sasa, sema jina lako, sema wewe ni shemeji wa mteja wake na kwamba diski isisafirishwe popote. Kisha nenda mwenyewe dukani, na mara hii usinunue chochote. Beba karatasi uliyoandika kila kitu kwa mpangilio, siku, saa, kompyuta ipi, ujumbe ulisemaje, asilimia ngapi, nani alichomoa, na ile programu ya mtandaoni uliyoijaribu pia, usiifiche hiyo kwa kuwa inakuaibisha zaidi, huenda ndiyo atakayoihitaji zaidi. Usiombe kuishika diski. Usimfundishe kazi. Wewe leo si mtaalamu, wewe ni shahidi.

Kesho, Jumatano, nenda kwa dada yako wakati binti yupo, maana lawama uliitupa mbele ya watatu na utaiokota mbele ya haohao watatu. Usimweleze dada pembeni kwanza ili akutangulizie njia. Ukiingia, kabla hujaketi, mgeukie shemeji useme, "Shemeji, diski hukuiharibu wewe, niliiharibu mimi kabla hujaja kuichukua, na nilipokuuliza kama uliiangusha nilikuwa najua." Sema na hicho kipande cha mwisho, usikiache mlangoni. Usiongeze kengele ilikuwa imelia, usiongeze karani na kalamu yake. Neno "lakini" liache nyumbani. Ukijisikia kulia, lia baada ya kumaliza, na usilie kwa namna ya kuwafanya waache maumivu yao waje kukubembeleza wewe.

Wakikufukuza, ondoka kwa adabu. Wakikuuliza, jibu. Kama rekodi hazitapatikana, hilo nalo utaliishi, na utaliishi kama mtu aliyeharibu kitu, si kama mtu aliyemzika mwenzake akiwa hai.

Na yule mwalimu wa hesabu, mwombe radhi. Swali lake lilikuwa sahihi.

Nimemaliza. Piga simu.

*

Wasomaji, sikuchapisha barua hii wiki ile kwa sababu ilikuwa ya mtu aliye kwenye moto. Baada ya majuma matatu mwalimu aliniandikia tena, akaniruhusu niitoe yote pamoja na hii.

Mshauri, nilipiga simu nikiwa nimesimama kwenye ngazi za chuo. Fundi akasema, "Iko kwenye boksi, inaondoka kesho asubuhi. Njoo." Aliniketisha akaniuliza kama polisi. "Asilimia ngapi?" Sitini na mbili. "Nani alichomoa?" Mimi. "Mbona mwenzako ameniandikia kwamba iligonga usukani wa baiskeli?" Nikamwambia iligonga kweli, ila ilipogonga ilikuwa imeshakufa. Akaiandika sentensi hiyo vilevile kwenye faili lake, nami nikamtazama akiiandika.

Jumatano nilisimama sebuleni nikasema kama ulivyonielekeza, na kile kipande cha mwisho nilikisema, ingawa sauti ilitoka ndogo mpaka binti akasema, "Rudia." Nikarudia. Shemeji akaketi chini polepole, akaniuliza, "Kwa hiyo si kokoto?" Nikamwambia si kokoto, shemeji. Akauliza, "Wala mfuko haukuwa mwembamba?" Mshauri, alikuwa ameufumua ule mfuko aongeze sponji, kumbe siku zote hizo alikuwa anautuhumu mshono wake. Nikamwambia mfuko haukuwa na kosa lolote. Akafunika uso kwa mikono yote miwili, na nilipodhani atanitukana nikasikia anashusha pumzi, ndefu, kama mtu aliyetua gunia. Kisha akasema amenisamehe. Palepale. Sikuwa nimejiandaa kwa hilo, niliumia kuliko ningepigwa.

Binti akanipa mkoba wangu mkononi, akasema, "Mama mdogo, leo nenda tu." Dada akawa anaandika. Aliandika ukurasa mzima, kalamu inakwaruza, mimi nimesimama nangoja hukumu yangu, akauchana, akampa mumewe. Shemeji akausoma, akaukunja mara nne, akautia mfuko wa shati. Sijui umeandikwa nini na sitauliza.

Fundi alihangaika siku sita kutafuta programu sahihi ya diski ile na kuiandika upya kwenye kibao chake cha umeme. Iliamka. Rekodi mia moja arobaini na tano zinafunguka, tatu hazifunguki, na moja kati ya hizo tatu ni wimbo wa kuhesabu ambao dada alikuwa ananiimbia mimi nikiwa mdogo. Nakala ametengeneza fundi mwenyewe, mbili, kabla ya kumkabidhi shemeji. Hakuniomba msaada.

Tangu hapo nimekwenda kwao Jumapili mbili. Dada ananifungulia mlango, ananipa chai, anakaa na mimi. Daftari liko pembeni yake, limefungwa. Hajaniandikia hata nukta. Nifanyeje? Nimwandikie barua ndefu? Nimwombe shemeji, kwa kuwa yeye amenisamehe, aniombee? Au binti amshawishi mama yake? Nitavumilia lolote isipokuwa huku kukaa bila kujua.

*

Mwalimu, umefanya kazi ngumu na umeifanya vizuri, pokea hongera yangu kwa mikono miwili.

Sasa usimtume mtu. Usimwandikie barua ya kurasa sita ambayo atalazimika kuijibu. Dada yako alinyamazishwa na ugonjwa na hakuna aliyemuuliza anaonaje. Kimya hiki cha sasa amekichagua mwenyewe, na pengine ni cha kwanza kukichagua tangu alipopasuliwa koo. Kina muda wake na muda huo anao yeye.

Kwa hiyo nenda Jumapili saa ileile uliyozoea. Salimia ukiingia. Ukipewa chai, kunywa yote. Ukikuta vyombo, osha. Jua likishuka, aga, uende zako. Akilifungua daftari, soma alichoandika hata kama kinachoma. Asipolifungua, nenda Jumapili inayofuata.